Waya Kwanza, Nyimbo Baadaye

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi, siku ya kwanza ya darasa la udijei, Malindi

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote, wazee wangu na mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa mbele huku mkiikagua meza hii kwa macho, mkitafuta mashine.

Mashine zipo. Zimo ndani ya makasha yale pale pembeni, na leo hayafunguliwi. Mezani nimeweka waya peke yake: waya za umeme, waya nene za spika, zile nyembamba zenye vichwa vyekundu na vyeupe, na za maikrofoni zenye pini tatu. Wiki nzima ya kwanza tutashika hizi. Jana mzee mmoja alinisimamisha pale Buntwani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani udijei nao husomewa? Si kubonyeza tu wimbo ukalia?" Ni swali la haki. Ada anatoa yeye na mtoto ni wake. Sikumjibu pale njiani kwa sababu jibu lake ni refu, na nilimwomba aje leo. Namuona amekuja. Ahsante, baba.

Nianze na usiku mmoja wa harusi, mtaa wa Shella, hapa hapa Malindi.

Ilikuwa shughuli ya wanawake watupu. Mama zangu mnazijua: mlango ukishafungwa, mabuibui yameshavuliwa, dhahabu zimetoka, hapiti mwanamume hata akiwa nani. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Nilikuwa nimemaliza kozi Mombasa mwaka uliotangulia na cheti changu kilikuwa ukutani kwa mama, ndani ya fremu. Saa nne na nusu bibi harusi anangojewa aingie. Wimbo wake wa kuingilia alikuwa ameuchagua mama yake. Nikaugusa, ukaanza, na spika ya kulia ikakoroma. Kisha ikanyamaza. Kisha zikanyamaza zote mbili.

Fundi aliyenikodisha vyombo alikuwa barazani, nje. Hawezi kuingia. Nikasimama nyuma ya mlango, naye upande wa pili, ananielekeza kwa sauti: chomoa hii, tia ile, washa, zima. Nami sijui "hii" ni ipi, maana kule chuoni vyombo tulivikuta vimeshaunganishwa kila asubuhi na jioni tuliviacha vivyo hivyo. Dakika ishirini na tano zikapita. Bibi harusi kasimama nyuma ya pazia, asumini kichwani zinaanza kunyauka, na mama mtu ananitazama bila kusema neno. Ule ukimya wake ninaukumbuka kuliko kelele zote nilizowahi kupigiwa.

Mwishowe nilichomoa kila waya, mmoja baada ya mwingine, nikawa naitazama pini kwa mwanga wa simu. Ya saba au ya nane nikaiona: imefanya kutu ya kijani, ile ya chumvi. Hewa yetu hii ya bahari inakula shaba kama inavyokula bawaba za madirisha. Nikaikwangua kwa ncha ya mkasi wa yule dada aliyekuwa akitengeneza nywele, nikairudisha, na sauti ikarudi. Vigelegele vilivyopigwa pale havikuwa vya bibi harusi peke yake.

Sasa mzee wangu, jibu lako nusu yake ni hilo. Kubonyeza hakusomewi. Kinachosomewa ni kujua sauti inapita wapi tangu inapotoka kwenye flashi hadi inapofika kwenye sikio la mtu, ili ikikatika njiani ujue imekatikia wapi. Na hapa Malindi kusomea huko kuna sababu moja zaidi, ambayo nataka wazazi wenye mabinti waisikie vizuri. Pwani yetu ina shughuli za wanawake watupu karibu kila wiki ya msimu wa harusi. Familia haitaki mwanamume nyuma ya mashine mle ndani, wala mlangoni. Wanatafuta dijei mwanamke anayejua kufunga vyombo vyake mwenyewe, na hawampati, wanaishia kumpa mpwa wao simu na spika ndogo. Ndiyo maana nusu ya viti vya darasa hili nimeviweka kwa wasichana, na sitavigawa kwa mwingine hata vikikaa vitupu wiki ya kwanza.

Nirudi kwenye ile kozi yangu. Chuo chenyewe sitakitaja. Tulikuwa wanafunzi 14 na mashine moja. Kipindi saa mbili, yaani dakika 120. Gawanyeni wenyewe: hata dakika tisa kila mtu hapati. Siku tatu kwa wiki, miezi mitatu, mtu anatoka na saa tano na kidogo za kushika mashine kwa mkono wake. Fundi cherehani akimkabidhi mwanafunzi cherehani kwa saa tano, nani atampa kitambaa chake amshonee? Na katika hizo saa tano tulichofundishwa hasa kilikuwa kitufe kimoja, kile cha kulinganisha kasi. Unakibonyeza, nyimbo mbili zinakwenda pamoja, mwalimu anasema umeshajua kumiksi, yaani kuchanganya nyimbo. Tukapewa vyeti, tukapigwa picha.

Sina chuki na kitufe kile. Nakitumia. Lakini nilikuwa kama mtu anayevuka barabara kwa kushikwa mkono, na siku mkono ukiachia hajui gari zinatokea upande gani.

Aliyenifungua masikio ni mwalimu mmoja wa warsha ya siku mbili, Nairobi, baadaye. Warsha ilikuwa ya wanawake tu, tulikuwa sita. Niliweka nyimbo mbili, nikabonyeza kitufe changu, nikamtazama ili anisifu. Hakunisifu. Alikizima kile kitufe. Kisha akasogea nyuma yangu, akageuza upande mmoja wa hedifoni niliyovaa, akauweka kwenye sikio lake, tukawa vichwa vimegusana, sikio langu moja na lake moja tunasikia kitu kimoja. Akaniuliza taratibu, "Ipi inakimbia?" Sikujua. Akangoja. Hakunionyesha kwenye skrini, alingoja tu. Pengine dakika nzima ilipita. Ndipo nikasikia: ule wimbo wa kushoto ulikuwa umetangulia unywele. Nikasema, "Hii." Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya gurudumu la mashine linalouzungusha wimbo, tukalizuia pamoja kwa ncha ya kidole, kama unavyomzuia mtoto asitangulie barabarani. Nyimbo zikakaa.

Hilo, jamani, hakuna video iliyoweza kunipa. Video nimeziangalia nyingi na nawahimiza vijana waziangalie, zina mafunzo mazuri ya bure. Lakini video haisikii unachosikia wewe. Inasema na wewe, haikusikilizi. Mtu anayejifunza kusikiliza anahitaji sikio la pili kando ya lake, linalosikia sauti ile ile kwa wakati ule ule, limwambie ndiyo au hapana. Darasa hili nimelijenga juu ya jambo hilo moja. Mashine 4, wanafunzi 8, wawili wawili. Wiki 12, siku tatu kwa wiki, saa tatu kila siku. Mmoja akiwa kwenye mashine mwenzake yuko kwenye upande wa pili wa hedifoni, kisha wanabadilishana. Kila mmoja atatoka na saa 54 za mkono, na saa nyingine 54 za kumsikiliza mwenzake akikosea. Za pili hizo msizidharau.

Niwaeleze kinachosikilizwa ni nini, maana wazazi mna haki ya kujua mnalipia kitu gani.

Kila wimbo una mapigo, na mapigo huhesabiwa kwa dakika. Amapiano mnayoisikia kwenye tuktuk inatembea kama kwenye 112 hivi, hausi iko 120 na kitu, singeli ya Dar es Salaam inaruka 200 na zaidi. Chukua wimbo wa mapigo 120 na mwingine wa 121. Ukiuliza tofauti yake, mtu atakwambia ni pigo moja tu. Lakini ziache ziende pamoja nusu dakika, na tayari mapigo ya mmoja yanaangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Fikirini wanawake wawili wanatwanga kwenye vinu viwili, bega kwa bega. Wanaanza pamoja, michi inashuka pamoja, unasikia mlio mmoja. Mmoja akichangamka kidogo tu, mlio unaanza kupasuka, mwishowe unasikia watu wanaofukuzana. Mchezaji aliye sakafuni hajui hesabu, lakini mguu wake unajua. Anasita, anatazama meza, anakwenda kukaa.

Basi dijei anaipandisha au kuishusha kasi ya wimbo kwa asilimia, wimbo wa 100 ukitaka uende na wa 104 unaupa asilimia 4. Anahesabu mapigo nne nne, na nne nane, 32, kwa sababu nyimbo nyingi za kuchezea hubadilisha jambo kila baada ya hayo: sauti inaingia, ngoma inatoka. Ukiingiza wimbo wako katikati ya sentensi ya mwenzake umemkata kauli. Halafu kuna besi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na besi mbili vilevile. Zikilia pamoja sauti inakuwa tope. Unaishusha ya kwanza wakati unaipandisha ya pili, kwa mikono miwili, pigo lile lile. Tutalifanya hilo mpaka mseme mmechoka, kisha tutalifanya tena.

Lakini nataka tufanye kitu kimoja sasa hivi, hapa ukumbini, bila mashine. Mama zangu wa upande wa kulia, nawaombeni mpige makofi ya chakacha, yale mnayopiga ngoma ikiwa imekolea. Haya. Endeleeni. Wazee upande wa kushoto, pigeni mguu chini polepole, mara mbili katika kila mzunguko wao. Vizuri. Msikilizane.

Vijana, mmesikia? Mama wanapiga tatu wakati wazee wanapiga mbili, na hakuna anayemgonga mwenzake. Ndani ya mzunguko mmoja kuna mapigo madogo sita. Ukiyakata tatu tatu unapata mawili makubwa, ukiyakata mbili mbili unapata matatu. Wazee wakipiga mguu mara 80 kwa dakika, makofi ya mama yanakuwa 120. Sasa iwekeni chakacha hiyo kwenye programu ya kompyuta uone itakavyohangaika. Itakwambia 80, au 120, au 160, na mara nyingine itachora mistari isiyolingana na chochote, kwa sababu imezoea muziki unaohesabika nne nne. Kitufe cha kulinganisha hapo hakikusaidii. Na nyimbo za zamani za taarab zilipigwa na watu, hazikupigwa na mashine. Mpigaji akinogewa kasi hupanda, mwimbaji akitaka kuvuta neno wote humngoja. Mstari ulionyooka wa kompyuta unaachwa nyuma kabla ubeti haujaisha. Lazima mkono ukae juu ya gurudumu, unasukuma kidogo, unazuia kidogo, wimbo mzima.

Ndiyo sababu dijei wengi wanaokuja hapa wakati wa msimu hawapigi chakacha mpaka waukate kabisa muziki uliotangulia, pawe kimya, halafu wanaanza upya. Hawawezi kuvuka. Nyinyi mnaweza, kwa sababu 3 na 2 mmeisikia tangu mkiwa mgongoni. Ukiwa na hausi ya 120 inalia na chakacha ambayo makofi yake ni 120, pigo linakaa juu ya kofi. Mzunguko wa chakacha ni makofi 3, wa hausi ni mapigo 4, kwa hivyo mianzo yao inakutana kila baada ya mapigo 12. Ukijua hilo unajua pa kuingilia. Mara ya kwanza nilipovuka hivyo, harusini, nikatoka kwenye hausi nikaingia chakacha bila kukata, bibi wa miaka sabini na kitu aliyekuwa amekaa usiku kucha alisimama akafunga leso kiunoni. Hakujua nimefanya nini. Mguu wake ulijua.

Ufundi huu tangu mwanzo umekwenda kwa kupokezana, na familia zilikuwamo ndani yake. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, katika jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate pesa za nguo za kurudia shule. Kiingilio senti 25 wasichana, senti 50 wavulana. Aliyepiga muziki ni kaka yake, kijana mzaliwa wa Jamaika, wanayemwita Kool Herc. Yeye alikuwa ameona kwamba watu husubiri kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza zikabaki ngoma, akawa anatumia santuri mbili za wimbo mmoja ili kipande kile kisiishe. Dansi ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop. Harambee ya sare ya shule, kwa lugha yetu.

Akaja Grandmaster Flash, aliyekuwa amesomea umeme katika shule ya ufundi. Alitaka kuusikia wimbo unaofuata kabla watu hawajausikia, akatengeneza swichi yake mwenyewe, na akawa anaziwekea santuri alama za krayoni ili ajue pa kurudia. Waya na alama, mwaona. Na kule kukwaruza santuri, ule mlio wa chwiki-chwiki mnaoupenda, husimuliwa kwamba kulipatikana na mtoto wa miaka 12 hivi, Theodore, mama yake alipokuja mlangoni kumgombeza kwa kelele. Aliishika santuri isimame ili amsikilize mama, mkono ukawa unaipeleka mbele na nyuma. Mama zangu, endeleeni kuwagombeza, lakini wakiwa na jambo mkononi wangojeeni kidogo.

Karibu na kwetu, Kampala, yuko DJ Rachael, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kushika kazi hii Afrika Mashariki, ambaye mwaka 2016 alianzisha Femme Electronic ili wanawake wengine wafundishwe. Nairobi lipo shirika liitwalo Santuri, linaloendesha madarasa na warsha. Kwa hivyo anayesema hakuna mfano, upo. Kinachokosekana ni wa hapa, ambao mtoto wa Maweni au Muyeye anafika kwa miguu na kurudi kwao kulala.

Sasa niseme lile ambalo najua limo vifuani mwa wazazi, na ningekuwa mzazi lingekuwa kifuani mwangu.

Kaka yangu alikuwa na vyombo. Kazi zake nyingi zilikuwa disko matanga, huko mashambani. Sote tunajua zilivyoanza: wafiwa wanakesha, watu wanachanga, muziki unawaweka macho. Na sote tunajua zilivyogeuka, ndiyo maana serikali imezipiga marufuku mara kwa mara hapa Kilifi. Usiku mmoja nilimsindikiza, ng'ambo ya Kakuyuni. Yapata saa saba nilizunguka nyuma ya spika kutafuta swichi. Nikamkuta msichana wa shule ya msingi, sweta ya shule mwilini, amelala kaegemea spika ya besi, nayo inapiga. Kasha lote linatetemeka na kichwa chake kinatetemeka nalo. Nilimwita kaka akamwona. Alirudi kwenye mashine akashusha sauti, akatangaza watoto wapelekwe majumbani. Watu wakazomea. Akazima. Alilipwa nusu, akafukuzwa usiku ule ule, na kazi ya namna hiyo hakuichukua tena.

Dijei ndiye mtu pekee mwenye kuiona sakafu yote na mwenye mkono kwenye swichi. Mwanafunzi wangu akitoka hapa bila kujua kwamba kuzima ni sehemu ya kazi, sijamfundisha. Darasa hili halitampeleka mtoto yeyote kwenye disko matanga. Na mtoto ambaye dini yake au wazazi wake hawataki apige mahali penye pombe, ana haki hiyo, hatalazimishwa. Harusi zipo, mahafali yapo, michezo ya shule ipo, mikutano ya hadhara ipo. Anayejua kufunga vyombo na kurekebisha sauti haishiwi kazi. Hata msikitini na kanisani maikrofoni hukoroma.

Yule mtoto alinifanya nijifunze jambo jingine, la masikio. Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ikipanda 3 tu, muda unakatika nusu: 88, saa 4. 91, saa 2. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Na mbele ya spika za ukumbini 100 ni jambo la kawaida. Sikio likishakufa halifufuki, chembe zile za ndani hazioti tena. Kwa hiyo kila mwanafunzi atapewa vizibo vya masikio, na atakayevivua mbele ya spika nitamtoa nje, namwambia mapema asione nimemwonea. Vilevile zile taa nyekundu kwenye mikisa, kile chombo cha kuchanganyia sauti. Vijana wanadhani nyekundu ni nguvu. Nyekundu maana yake sauti imeshapasuka, na spika inafuata. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wazee walishasema, na waliijua ngoma ya ngozi tu.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, tuna siku yake. Mtafundishwa kuandikiana mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na kupokea rubuni, yaani malipo ya mwanzo, kabla ya kubeba vyombo. Mtafundishwa leseni, kwa sababu nyimbo zina wenyewe, na vipo vyama vya kusimamia haki zao. Mtaambiwa pia ukweli kwamba Aprili hadi Juni, mvua ikinyesha na hoteli zikifunga, kazi hupungua, na mtu asiye na akiba huuza hedifoni zake. Nimeshawahi kuzinunua za watu.

Jambo la mwisho ninalowaomba wazazi halina gharama. Nyumba zenu zina kanda. Zimo chini ya vitanda, kwenye mabati ya biskuti, juu ya makabati: harusi za miaka ya themanini, ngoma za vugo, waimbaji wa mtaani ambao hawakuwahi kuingia studio, taarab, bango, mwanzele. Joto na unyevu wa hapa vinazimaliza kila mwaka. Kila mwanafunzi alete moja. Nina redio ya kaseti inayofanya kazi na waya wa kuiunganisha na kompyuta, ndio huu hapa, mweusi. Tutaihamisha kanda, mwenye kanda atabaki nayo, na nakala atapewa. Kisha mtoto wake atakaa na ule wimbo, atahesabu mapigo yake kwa kofi, auweke alama pa kuingilia na pa kutokea, kwa sikio, bila kitufe. Huo ndio mtihani wa mwisho wa darasa hili: wimbo uliotoka nyumbani kwenu, uvushwe salama kutoka kwenye wimbo wa leo na kurudi, mbele yenu nyote, ukumbi huu huu, wiki ya 12.

Yuko mama aliyeniletea yake mlangoni wakati anaingia, amefunga kwenye leso. Ameniambia ni harusi ya dada yake, Mambrui, na sauti ya mama yao imo ndani. Mama, nimeiweka mbali na spika, sumaku zisiiharibu. Tutaanza na hiyo.

Sasa wazazi wanaotaka kwenda wana ruhusa, na wanaotaka kubaki wabaki. Dada wa shungi la kijani, na wewe kaka uliyekaa karibu na mlango, njooni mezani, nyinyi ndio jozi ya kwanza. Shikeni waya huu mrefu. Usiuzungushe kwenye kiwiko, utauvunja ndani bila kujua. Kunja duara moja kawaida. Ya pili, geuza mkono, ipite chini. Moja juu, moja chini. Mwenzako ashike ncha, aseme akiona umesokota. Polepole, muda tunao.